Namna ya Kuwa Mjasiriamali wa Leta Bila Kuuza Kitu

Mdogo wangu wa Bugarama, nasikia unataka kufanya biashara. Tena biashara ya kweli: kukusanya mihogo na ndizi huko juu milimani, kuziteremsha hadi Rumonge, kurudi na ndagala na mawese, na kubaki na chochote mfukoni. Wazo ni zuri, na ndiyo maana nimeamua kukuandikia kabla hujaharibikiwa. Watu wamefanya kazi hiyo kwenye ufukwe huu wa Ziwa Tanganyika tangu karne ya 19, wachuuzi wa Ujiji walipokuwa wakipita na vyombo vyao, na hadi leo sijasikia mchuuzi wa ndagala aliyealikwa kwenye semina. Biashara ya namna hiyo haina kofia wala fulana. Mgeni rasmi hana pa kukata utepe. Mama anaamka usiku wa manane, ananunua ndagala mwaloni, anaanika, anauza, jioni kalala. Utampigaje picha?

Njia ya heshima ni kuwa mjasiriamali wa Leta, yaani wa serikali. Huko hakuna anayekuuliza unauza nini. Mzazi hamuulizi mtoto anauza nini, na Leta yetu imeshajitangaza kuwa mzazi: "Leta Mvyeyi, Leta Nkozi" ndiyo kaulimbiu ya serikali ya Rais Évariste Ndayishimiye, yaani Leta iliyo mzazi, Leta iliyo mchapakazi. Mzazi huyo ana watoto zaidi ya milioni 12. Kazi yako ni kuhakikisha anaposhika mfuko, jina lako ndilo linalomjia.

Basi anza kwa kujua fedha ziliko. Mwaka 2019 Leta iliamua kila kolini, yaani kila kilima, iwe na ushirika wa Sangwe, na kila ushirika upewe faranga milioni 10. Nchi wakati huo ilikuwa na kolini zaidi ya 2,900. Zidisha mwenyewe, mimi nikiona sifuri nyingi macho hutoka machozi. Mwaka 2020 ikafunguliwa BIJE, benki ya uwekezaji ya vijana. Mwaka 2022 ikafuata BIDF, benki ya wanawake. Pembeni yake iko FIGA, mfuko wa kuwawekea dhamana na kuwasindikiza wenye miradi, na iko PAEEJ, mpango wa kuwawezesha vijana na kuwatafutia ajira. Kariri herufi hizo mpaka ziwe kama aya za sala. Anayezitamka bila kujikwaa tayari ana nusu ya mkopo. Anayesema "ile benki ya vijana" anaonyeshwa benchi la kusubiri.

Sitaki unielewe vibaya. Benki hizi zipo, zina milango na watu, na kuna vijana waliopata mtaji ambao benki za kawaida zisingewapa hata kikombe cha maji, maana benki za kawaida hutaka karatasi ya mshahara, na mwenye mshahara ana haraka gani ya kufuga kuku? Tatizo halianzi mlangoni. Linaanza kwenye fomu, pale unapoombwa uwe mtu wa aina fulani.

Hapo ndipo penye kazi, kwa hiyo tutakaa.

Kwanza, uwe kijana. Ujana wa fomu ni wa miaka 18 hadi 35, na una tarehe ya kuisha kama maziwa ya pakiti. Ukiwa na miaka 36 wewe ni mzee, hata kama bado unalala kwa mama yako. Wapo waliogundua kwamba karangamuntu, yaani kitambulisho, ikipotea na kutengenezwa upya, mtu anaweza kurudi nyuma miaka minne. Mimi sikushauri hivyo. Nakuambia tu kwamba hutokea, na kwamba hakuna hospitali inayoweza kufanya muujiza huo.

Ukishindwa kuwa kijana, uwe mwanamke. Ukishindwa kuwa mwanamke, unaye mmoja nyumbani: mke, dada, shangazi, mama mkwe. Orodha ya kikundi chenye wanawake kumi na mwanamume mmoja inapendeza sana machoni pa ofisa. Mwenyekiti awe mama, mweka hazina awe mama, katibu awe binti anayejua kuandika. Simu itakayopokea ujumbe wa fedha iwe ya yule mwanamume mmoja. Akina mama wataitwa siku ya kusaini, na wataitwa tena siku ya kulipa.

Usisahau Mutwa. Katiba imewapa Batwa viti vitatu katika Baraza la Taifa na vitatu katika Seneti. Kikundi chako kinaweza kumpa mmoja wao kiti cha mbele, siku ya picha. Mwulize jina lake vizuri, maana litasomwa hadharani. Kuhusu kumgawia faida, fomu haina mstari wa jambo hilo.

Halafu kuna lile jambo ambalo sote tunalijua na hakuna anayelitamka kwa sauti mbele ya mgeni. Karangamuntu yako haina mstari wa kabila. Hata hivyo kila mwenye ofisi ana hesabu kichwani: 60 kwa 40, Wahutu kwa Watutsi, katika Baraza la Taifa na serikalini, 50 kwa 50 katika Seneti na jeshini. Hesabu hiyo ilitoka Arusha, mkataba uliosainiwa tarehe 28 Agosti 2000, ikaingia katika Katiba ya 2005, na ilikusudiwa kuwafanya watu waache kuuana. Kwa kazi hiyo naiheshimu. Aliyeishi kandokando ya ziwa hili miaka ya tisini hana haja ya kuelezwa. Ila hesabu ina miguu. Mwaka 2018 Leta ilisimamisha mashirika ya kigeni kwa miezi mitatu mpaka yaonyeshe kwamba wafanyakazi wake wazalendo wamegawanywa kwa uwiano huo huo. Handicap International ikaona heri ifunge virago kuliko kuwahesabu watu wake kwa kabila. Mwaka 2023 Seneti nayo ikaanza kuzunguka kwenye idara kuhesabu nani ni nani. Kwa hiyo wewe mwenye wazo la mashine ya kukamua mawese, kabla hujajua mashine inauzwaje, jua kwanza wewe uko upande gani wa mkato wa 60 na 40. Na kikundi chako kiwe na hesabu nzuri hata kama hakina hesabu za fedha.

Namwonea huruma Mswahili wa Rumonge mjini. Babu wa Ujiji, bibi wa Uvira, mama wa Bururi, jina la Kiislamu, Kiswahili cha sokoni na Kirundi cha nyumbani. Muulize yuko kwenye 60 au kwenye 40, atakuuliza wewe bei ya mukeke leo ni ngapi. Watu wa namna yake waliuza na kununua hapa kabla mpaka wa Burundi haujachorwa, wakiwa na wateja ng'ambo ya pili ya ziwa ambako hakuna fomu yetu inayofika. Kwa vigezo vya ujasiriamali angekuwa mwalimu wa semina. Kwa vigezo vya fomu, hajulikani aliko.

Sasa chama. Sikiliza kwa makini, maana hapa wengi huanguka: hakuna fomu hata moja inayouliza chama chako. Usiandike. Vaa. Mwenye akili haji na kadi mkononi kama mwuza bahati nasibu. Huja na fulana, akakaa mahali inapoonekana. Katika uchaguzi wa Juni 2025 chama tawala, CNDD-FDD, kilichukua viti vyote 100 vilivyogombewa katika Baraza la Taifa, kwa hiyo hata swali lenyewe limepitwa na wakati. Utaulizwa kwa njia nyingine, ya upole. Utakwenda kwa mkuu wa kolini kutafuta barua ya kukutambulisha, na mazungumzo yatakuwa hivi:

"Karibu, kijana. Nikusaidie nini?"

"Nyakubahwa, ni ile barua ya kikundi."

"Kikundi ni jambo jema. Jumamosi ulikuwa wapi?"

Jumamosi, kama unavyojua, ni kazi za jumla: kufyeka, kuchimba mifereji, kubeba matofali ya shule. Kama ulikuwa Rumonge unauza mihogo yako, umekwisha. Umetoa jibu la mfanyabiashara. Jibu la mjasiriamali ni kwamba ulikuwepo, upande ule wa chini, na shahidi wako ni fulani, ambaye bahati nzuri naye ni mwanakikundi.

Ukishapata barua, andika mradi. Kuna miradi na kuna miradi. Kununua ndagala na kuuza ndagala si mradi, hiyo ni tamaa. "Kuimarisha mnyororo wa thamani wa mazao ya ziwa kwa manufaa ya vijana na wanawake wa kolini yetu" ndiyo mradi, ingawa samaki ni wale wale. Weka idadi ya ajira. Hamsini ni namba ya adabu. Weka mazingira, weka jinsia, weka neno "kidijitali" hata kama umeme unafika kwa zamu. Halafu funga na dira ya taifa: nchi inayoinukia mwaka 2040, nchi iliyoendelea mwaka 2060. Kama unaweza, tarehe yako ya kumaliza mkopo ikae hapo katikati.

Mpango wa kulipa usiwe na mwezi. Namaanisha mwezi wa angani. Mvuvi wa ndagala anavua usiku kwa taa. Mbalamwezi ikikaza, ndagala hawaifuati taa, na vyombo hupumzika nchi kavu siku kadhaa kila mwezi. Jambo hili analijua mtoto wa miaka sita pale ufukweni. Jedwali la kurejesha mkopo halilijui, wala halijui kwamba nchi nne za ziwa, Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia, zilikubaliana kusimamisha uvuvi miezi mitatu kila mwaka, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Jedwali linataka fedha kila tarehe 30. Ukimweleza ofisa habari za mbalamwezi atadhani unatunga shairi. Usimweleze. Saini.

Tumefika kwenye dhamana, na hapa kejeli inanikwama kooni kidogo.

Dhamana ya mtu wa Rumonge ni shamba la michikichi. Ni mali inayoonekana na inayozaa kila mwaka. Ila shamba hilo lina historia. Mwishoni mwa Aprili 1972 machafuko yalianzia upande huu wa Rumonge na Nyanza-Lac, wakauawa watu, na kisasi cha Leta ya wakati ule kikawa kikubwa mno; makumi ya maelfu wakavuka kwenda Tanzania. Mashamba yao hayakubaki wazi. Mengine walipewa watu wengine, tena kwa karatasi za Leta, na mengine yakaingizwa katika miradi ya michikichi. Miaka thelathini na zaidi baadaye wenyewe wakarudi na watoto na wajukuu. Tume ya ardhi, CNTB, ikaundwa 2006 kuamua. Ikaamua, ikaamua tena kinyume, mahakama maalumu ikaanzishwa 2014 kusikiliza waliokataa uamuzi, na muda wa tume ukamalizika 2022 bila kesi zote kumalizika. Kwa hiyo shamba moja linaweza kuwa na familia mbili zenye haki, moja ikiwa na makaburi humo, nyingine ikiwa na hati.

Benki inataka hati. Mwenye hati anapata mkopo, na mwenye makaburi anasikia kwamba shamba la babu yake limewekwa rehani. Au benki, kwa busara, inakataa shamba lolote la Rumonge lenye harufu ya mgogoro, na wote wawili wanakosa. Mimi nimejaribu kutafuta ushauri wa kuchekesha hapa na sijaupata. Kama unatoka Bugarama juu, ambako mashamba ni madogo lakini jirani yako ni yule yule wa siku zote, shukuru. Na fomu ikikuuliza kama wewe ni "mrejea kutoka ukimbizini", ujue ni sanduku lenye makali pande mbili: linakuweka mbele kwenye orodha ya msaada, na linamkumbusha aliye kwenye shamba lako kwamba umerudi.

Haya, sasa kashe, yaani muhuri. Wewe wa Bugarama una bahati mbaya ya pekee. Komini yako ilikuwa ya Bujumbura Rural. Machi 2015 ukazaliwa mkoa wa Rumonge, nawe ukahamishiwa humo bila kuondoka kitandani. Kisha sheria ya 2023 ikapunguza mikoa kutoka 18 hadi mitano na komini kutoka 119 hadi 42, na ilipoanza kazi 2025 mkoa wa Rumonge ukafa ukiwa na miaka kumi. Rumonge mjini ikaingia Burunga, na jina la Bugarama likatoka kwenye orodha ya komini. Dosiye yako iliyogongwa kashe ya zamani ni barua kutoka kwa marehemu. Anza upya. Peleka nakala tatu, na kila ofisi ubebe kitu cha kumtoa kiu mwenye ofisi. Siku hizi hata Fanta na Primus vimekuwa adimu, kwa hiyo siwezi kukuambia kiu hiyo sasa inatolewa kwa nini. Atakuambia mwenyewe.

Siku ya uzinduzi usikose. Vaa fulana, shika hundi kubwa ya kadibodi, tabasamu. Hundi hiyo ni nyepesi, na kilicho nyuma yake nacho kinazidi kuwa chepesi: milioni 10 za mwaka 2019 zilikuwa zaidi ya dola 5,000 kwa bei ya benki, baada ya faranga kushushwa thamani Mei 2023 zimebaki kama dola 3,400 kwa bei hiyo hiyo, na barabarani dola hainunuliki kwa bei ya benki. Ukitaka mashine kutoka Kigoma au Dar es Salaam, muuzaji hataki hundi ya kadibodi wala faranga, anataka dola. Usifiche fedha chini ya godoro pia. Juni 2023 noti za 5,000 na 10,000 za toleo la 2018 zilipewa siku kumi tu za kubadilishwa, na mama zangu wengi waliokuwa na akiba kibubuni walijifunza uchumi wa taifa kwa wiki moja na nusu.

Mradi ukikwama, usilie. Omba safari ya mafunzo. Majirani wana mengi ya kuonyesha. Kenya walichukua jina la mchuuzi wa kuhangaika, wakashinda nalo uchaguzi, kisha Novemba 30, 2022 wakampa Mfuko wa Hustler, mkopo kwa simu unaoanzia shilingi 500. Ukiwa Nairobi uliza 500 hiyo inafungua biashara gani, kisha unywe chai ya kiasi hicho. Tanzania halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 ilibidi mikopo hiyo isimamishwe baada ya mkaguzi mkuu kukuta fedha zimekwenda kwa vikundi hewa, ikarudishwa 2024. Hao wenye vikundi hewa ndio wa kujifunza kwao hasa, maana walitimiza vigezo vyote isipokuwa kuwepo. Uganda tangu 2022 kila parishi inatengewa milioni 100 za kwao kupitia mpango wa parishi, na wao pia wanajua nani hukaa mezani wakati wa kuchagua majina. Ukibahatika kufika Malaysia, omba wakueleze "Ali Baba": chini ya sera ya 1971 ya kuwainua wenyeji, Ali ndiye mwenye jina na leseni, Baba ndiye mwenye duka na fedha, na wote wawili wanaheshimiana sana. Utarudi Bugarama ukiwa umegundua kwamba hatukubuni chochote.

Na yule mama wa ndagala? Yupo. Hajawahi kuwa na kikundi, ana wateja. Hana umri unaotakiwa, hajui yuko upande gani wa mkato, na Jumamosi asubuhi huwa mwaloni. Anachohitaji kutoka kwa Leta ni petroli ya kufikisha chombo ziwani na gari Bujumbura, kwa bei iliyoandikwa kwenye pampu, barafu, na mtu wa kumwacha aanike samaki wake bila kumtoza mara mbili. Mahitaji haya hayana fomu. Hakuna benki ya petroli.

Kwa hiyo kama mwongozo huu umeangukia mikononi mwa mtu mwenye ofisi, awe wa komini, wa mkoa au wa wizara, nina ombi moja ambalo halihitaji bajeti. Bandikeni ukutani, nje, mahali mvua haifiki, orodha ya kila kikundi kilichopata fedha za umma katika kila kolini: jina la kikundi, kiasi, tarehe, kimefanya nini, na kimerejesha kiasi gani. Iandikwe kwa Kirundi, na kwa Rumonge mjini iandikwe na kwa Kiswahili. Hata kwa kalamu ya mkono tutaisoma.